Mguu Chomboni

18 Agosti, Ujiji

Nimepangiwa mafunzo kwa vitendo mkoani kwetu Kigoma, na bado najiona mgeni. Nimezaliwa Kalinzi, juu kwenye kahawa na migomba, na ziwa nimelitazama kwa juu tangu nipate akili, kama mtu anavyotazama shamba la jirani. Leo nimesimama kwenye mchanga wa mwalo wa Nyantare, ufuko wa wavuvi kusini kidogo ya Ujiji. Maji yakaja mpaka kwenye viatu, nikaruka nyuma, watu wakacheka. Sikujali. Nilikuwa nimeduwaa. Hivi kumbe ndilo hili, lenye kelele na harufu na nguvu namna hii?

Wanaume tunaosoma jinsia na maendeleo chuoni kwetu ni wachache, tunajuana kwa majina. Mimi niliomba uhasibu, nikapangiwa huku. Baba akiulizwa na watu kijijini nasoma nini, anajibu "maendeleo" halafu anabadilisha mazungumzo.

Kituo chetu kinatoa msaada wa sheria kwa wanawake: vyumba viwili nyuma ya duka la nyavu. Tuko wanafunzi wawili, mimi na Shadia, darasa moja, yeye mtoto wa Ujiji hasa. Anayetusimamia ni Mama Skolastika, msaidizi wa kisheria, mnene, mpole wa sauti, asiyependa maneno mengi. Nimempa shikamoo na hotuba fupi kuhusu ndoto zangu. Akaitikia marahaba.

19 Agosti

Kazi ya kwanza ya mtaalamu wa jinsia: kufuta viti vumbi.

21 Agosti

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Leo nimeamkia mwaloni.

Jua hapa linatokea nyuma ya mgongo wako. Linaanza na milima ya Kongo kule ng'ambo, linaipaka rangi, halafu ndipo linatukumbuka sisi. Vyombo vilikuwa vinaingia kutoka kuvua, mitumbwi mikubwa ya mbao yenye mashine nyuma na taa zilizokesha zikiwaita dagaa. Ziwa lilifungwa miezi kadhaa samaki wazaane, limefunguliwa juzi tu, kwa hiyo kila mtu alikuwa na hamu. Wanawake waliingia majini na nguo zao mpaka kiunoni, mabeseni kichwani, wakapokea dagaa wanaorukaruka kama sarafu mpya. Nimekula dagaa maisha yangu yote. Sikuwahi kuwaona wakiwa hai. Nilitaka kupiga magoti.

Wavuvi wameshanijua.

"Kijana, unasoma nini?"

"Jinsia."

"Ya nani?"

Basi, jina limeshanasa. Naitwa Thobias wa Jinsia, na pengine nitazikwa nalo.

Jambo moja nimeliona. Wanawake wanasimama majini, wanapokea beseni, wanashika hata ubavu wa chombo, lakini hakuna anayeinua mguu kuingia. Nikamuuliza nahodha mmoja, Calixte, ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Akanitazama kama nimeuliza kwa nini watu hawalali barabarani.

"Mguu wa mwanamke ukiingia chomboni, dagaa wanashuka chini," alisema. "Halafu ziwa linaanza kudai watu."

Niliandika maneno hayo haraka haraka kwa furaha. Ni mfano kamili wa mtihani.

25 Agosti

Leo kituoni ameingia mjane, Honorata, mwanamke mrefu, mikono imekauka kwa kuanika dagaa juani. Mumewe Feliksi alifariki mwezi wa nne kwa presha. Ameacha watoto wanne na chombo kimoja. Chombo walikinunua pamoja. Nusu yake ni dagaa alioanika yeye na kuwapeleka mpaka Kidahwe na Kasulu kwa miaka. Sasa mdogo wa marehemu, Eliakimu, anasema chombo ni cha wanaume wa ukoo.

Mama Skolastika alisikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza swali moja tu: "Wewe unataka nini?"

"Nataka chombo changu kivue," alisema Honorata. "Watoto wale, wasome, na mimi niendelee kuanika. Sitaki ugomvi na wakwe zangu. Mama mkwe ndiye aliyenilea mimi hapa."

Ukoo utakaa mwezi ukiwa mpevu. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaitiki taa, vyombo vinalala, kwa hiyo ndio wakati wa vikao, posa na magomvi.

26 Agosti

Nimemwona huyo Eliakimu. Sura ya mtu anayepokonya mjane. Nimemchukia papo hapo, bila gharama.

31 Agosti

Jumapili. Nimefua. Shadia kaniambia nguo zangu bado zinanuka dagaa na nizoee.

4 Septemba

Nimechora lile jedwali tulilofundishwa: nani anafanya, nani anamiliki, nani anaamua. Nimemwonyesha Mama Skolastika. Akasema zuri. Akaniuliza Bibi Leonia, mama yake Eliakimu na marehemu Feliksi, nimemweka wapi. Sikuwa nimemweka. Ni bibi wa kuketi mkekani siku nzima, haongei, nikamwona kama sehemu ya nyumba.

7 Septemba

Mdomo uliponza kichwa. Leo umeponza kichwa cha mtu mwingine, na hilo ndilo baya.

Kikao kilikaa uani kwa Bibi Leonia, baada ya ibada. Mama Skolastika alialikwa kueleza sheria, na mimi nikafuata na kalamu yangu. Walifungua kwa sala. Bibi Leonia alikuwa mkekani pembeni, macho chini. Mwenye kikao alikuwa Mzee Oswald, binamu ya Feliksi na mkubwa wa ukoo, mtu wa taratibu. Mama Skolastika akaeleza kwamba mali waliyochuma mume na mke ina haki ya mke ndani yake. Hakuna aliyepinga. Nilishangaa. Nilikuja nimejiandaa kwa vita.

Ndipo Mzee Oswald akasema: "Hakuna anayekataa kwamba shemeji yetu alichangia. Lakini mwenye chombo ni yule anayekipanda. Kikivuja, nani ataingia kuziba? Mashine ikigoma, nani ataingia kuitazama? Mwanamke haingii chomboni, na sisi hatukuitunga hiyo, tumeikuta. Basi Eliakimu akishike, na mama watoto apate chake."

Watu wakaitikia. Hata Honorata aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeanza kukubali. Na mimi nikanyoosha mkono.

"Samahani wazee wangu. Kama shida ni kukipanda tu, basi si akipande?"

Mama Skolastika alinikanyaga mguu, lakini neno lilishatoka. Kwangu ilikuwa hoja nzuri, safi, ya darasani. Nilidhani watacheka, au watabishana.

Honorata akasimama. Akajifunga kitenge vizuri, akatoka uani akishuka kuelekea ziwani, na sisi sote tukamfuata kwa sababu hakuna aliyejua la kufanya. Vyombo vilikuwa vimelala mchangani. Akafika kwenye cha kwake, akaweka mkono ubavuni, akainua mguu wa kulia, kisha wa kushoto, akasimama katikati yake. Akasema:

"Nimekipanda. Turudi tumalize kikao."

Sijawahi kuona kitu kama hicho. Nilitaka kupiga makofi, nikageuka kuwatazama watu, nikaona Calixte amejishika kichwa kwa mikono yote miwili, na Eliakimu machozi yanamtoka.

Kikao hakikumalizwa. Mzee Oswald alisema kitakaa tena mbalamwezi ijayo, na chombo kikiwa hakivui mpaka siku hiyo, atakabidhiwa mwenye uwezo wa kukifanya kivue.

8 Septemba

Wavuvi wa Honorata wamekuja kuchukua mablanketi na masufuria yao chomboni. Calixte, nahodha wao, alibaki wa mwisho. Alisimama mbele ya Honorata, kofia mkononi.

"Mama, oya, hapana. Siwezi. Marehemu alinipa kazi nikiwa sina hata shati, wewe unajua. Lakini nina watoto."

"Najua, Calixte. Nenda."

Eliakimu ametuma ujumbe kwamba chombo kinaweza kuoshwa kwa mila, wavuvi wakarudi, ila kioshwe kikiwa mkononi mwake.

Mama Skolastika hakunigombeza. Alinikalisha kwenye kiti nilichokifuta mwenyewe, akasema: "Mwanangu, mahakamani tungeshinda. Lakini hakuna mahakama inayoweza kumwamuru mtu aende kuvua." Nimelia kidogo, chooni.

12 Septemba

Giza limerudi. Jioni vyombo vyote vimetoka isipokuwa kimoja. Taa zilivyosambaa majini, mtu ungesema mji mwingine umezaliwa huko. Mzuri kupita kiasi, na sikuweza kuufurahia.

13 Septemba

Joto.

14 Septemba

Joto. Shadia haongei nami.

15 Septemba

Chombo cha mbao hakitakiwi kukaa juani. Mbao zinakauka, zinaachana, na ukikirudisha majini kinakunywa maji kama ng'ombe. Asubuhi nimemkuta Honorata anateka maji kwa ndoo na kukimwagia, ndani na nje, ili mbao zisifunguke. Peke yake. Wengine walikuwa wanapokea dagaa kwenye vyombo vingine na kumpitia kwa mbali, wakisema pole kwa sauti ndogo.

Nikachukua ndoo ya pili. Tukateka maji mpaka mabega yakauma. Mwisho nikasema lile lililonikaba.

"Mama, nisamehe. Mimi ndiye niliyesema."

Aliweka ndoo chini akanitazama, nikadhani atanipa kofi.

"Wewe ulisema neno," alisema. "Mguu ulikuwa wangu. Usiniibie."

Nimerudi nyumbani nimeyabeba maneno hayo. Nilifikiri nilikuwa namwonea huruma, kumbe nilikuwa nachukua sifa.

17 Septemba

Nimekwenda kwa Eliakimu. Sikumwambia mtu. Nilimkuta anashona wavu mbele ya nyumba, nikasema shikamoo, akaitikia, akanionyesha kigoda. Nilitaka kumwambia maneno makali niliyoyapanga njiani. Akaanza yeye.

"Unadhani nataka chombo cha kaka yangu."

Nikaketi kwenye kigoda.

"Nina changu. Unakiona pale. Kimoja kinanitosha kwa shida." Akakata uzi kwa meno. "Baba yetu alimleta mama mmoja mjamzito kutoka Kagunga, kule kaskazini, kuja hospitali, kwa chombo cha kazi. Uchungu ulikuwa umembana na barabara hakuna. Kesho yake baba akatoka kuvua. Hakurudi yeye wala ubao. Mimi nilikuwa mdogo, Feliksi ananishika mkono, tunasubiri pale mchangani siku baada ya siku. Sasa wewe umesoma. Niambie nikiwaacha Calixte na wenzake watoke na chombo kile, wasiporudi, nitawaambia nini watoto wao? Niwaambie jinsia?"

Nilimsaidia kushika wavu, nikiuvuta anaposema vuta. Mtu niliyemchukia bila gharama kumbe analinda watu. Anawalinda kwa njia inayomnyang'anya mjane riziki, na ndivyo hasa ilivyo, yote mawili kwa pamoja, na jedwali langu halina pa kuliweka hilo.

19 Septemba

Mwalimu wa chuo kaja kutukagua. Kauliza nimejifunza nini mpaka sasa. Nikamwambia kuteka maji. Kaandika kitu.

20 Septemba

Kuna jambo. Kwenye chanja za kuanikia dagaa wanawake wanaongea kwa Kiha, haraka haraka, nikisogea wananyamaza na kuanza kunisifia shati. Kiha kwangu ni lugha ya mama, lakini wanaongea chini chini kama watu wa kuungama. Nimemwona Shadia katikati yao, anachekecha dagaa, amejifunga kanga kiunoni kama alizaliwa hapo.

"Mnapanga nini?" nikamuuliza.

"Mambo ya wanawake."

"Shadia, mimi nasoma jinsia."

"Basi nenda kasome."

22 Septemba

Jioni Bibi Leonia alimwita Honorata, wakakaa mkekani bila kusema kitu. Nilipita kwenda dukani wakiwa hivyo, nikarudi wakiwa hivyo.

24 Septemba

Lazima niandike leo leo, la sivyo kesho nitadhani niliota.

Vyombo vilirudi alfajiri kama kawaida. Upepo haukuwepo, ziwa limelala kabisa. Wavuvi wakavuta vyombo mchangani, wakaanza kushusha. Nilikuwa na ndoo yangu kwenye chombo cha Honorata. Nikaona kitu kisicho cha kawaida: hakuna mwanamke aliyeingia majini kupokea. Mabeseni yao hayakuwepo.

Halafu wakatokea. Walikuja kwa pamoja kutoka nyuma ya chanja, wamevaa vitenge vya kanisani, na wa Ujiji wamejitanda buibui na kanga zao mpya, kama watu wanaokwenda arusini. Hawakuimba wala kupiga vigelegele. Shadia alikuwa kati yao, na Mama Skolastika pia, viatu mkononi. Wanaume wakacheka kidogo, wakadhani kuna mgeni wa serikali. Wanawake wakafika mchangani wakaachana, kila mmoja akaenda kwenye chombo chake: cha mumewe, cha kaka yake, cha mwanawe. Wakaweka mikono ubavuni mwa vyombo. Hapo kicheko kikakatika.

Wakainua miguu.

Mwalo mzima. Kuanzia mwisho wa huku mpaka mwisho wa kule, chombo baada ya chombo, wanawake wakaingia wakasimama ndani, juu ya nyavu, kati ya taa. Mwanamume mmoja alipiga kelele akamshika mkewe kitenge. Mke akamtazama tu, mume akamwachia. Mwingine alitupa beseni lake la dagaa mchangani akaondoka akitukana. Calixte alikuwa amepata kibarua kwenye chombo cha jirani. Mkewe, Caritas, alipanda humo na mtoto mgongoni. Calixte akakaa chini palepale.

Nilielewa polepole, kama mtu anayeamka. Chombo kimoja chenye mguu wa mwanamke kinakimbiwa. Vyombo vyote vikiwa nao, watakimbilia kipi?

Kimoja tu kilikuwa bado. Chombo cha Eliakimu. Mkewe alikuwa amekwenda kwao msibani, na yeye mwenyewe alisimama mbele yake amenyoosha mikono, amezuia njia.

"Hiki hapana," alisema. "Nawaomba jamani. Hiki hapana."

Wanawake hawakusogea. Wakageuza shingo kutazama njia ya juu. Na mimi nikageuka. Bibi Leonia alikuwa anashuka. Honorata alimshika mkono mmoja, na kwa mkono wa pili bibi alishika fimbo mwenyewe. Nilikuwa sijawahi kumwona amesimama. Alikuwa mrefu! Walichukua muda mrefu kufika. Alipomfikia mwanawe akasimama mbele yake, karibu kabisa.

"Sogea, Eliakimu."

"Mama, wewe unajua. Wewe kuliko wote unajua baba alikufaje."

"Najua. Nilikuwa nimesimama hapa." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeomba chumvi. "Baba yenu alichukuliwa na upepo. Niliuona ukitoka kule, mweusi, ukashuka juu ya maji. Haukuuliza nani alipanda wapi. Na yule mama wa Kagunga alijifungua salama, mama na mtoto. Mbona hilo halisimuliwi?"

Eliakimu akashusha mikono.

"Baba yenu alifanya jambo jema la mwisho, na nyie mmelifanya mkosi. Na mimi nimenyamaza miaka yote hiyo. Haya. Nishike nipande, au niambie hapa mbele za watu kwamba miguu ya mama yako ni mkosi."

Nilimwona anatazama ziwa, anamtazama mama yake, anatazama ziwa. Halafu yule mwanamume mkubwa akainama, akamnyanyua mama yake mikononi, taratibu, akamweka ndani ya chombo.

Nimesoma vitabu vingi kuhusu nguvu na mamlaka, mwandishi huyu na yule, nikavikariri. Leo nimeiona nguvu yenyewe, imevaa kitenge kilichopauka, inashikilia fimbo chomboni isianguke. Nilipiga magoti kwenye mchanga. Sioni aibu kuandika.

25 Septemba

Hakuna aliyetoka kuvua. Malori ya wanunuzi yamesimama tupu.

26 Septemba

Hakuna aliyetoka. Chanja ni nyeupe, hata inzi wamehama. Wanawake nao wanaumia, hawana cha kuanika, na hakuna aliyerudi nyuma. Baadhi ya wanaume wamehamia kwa kaka zao. Wazee wanabishana kama vyombo vyote vioshwe, lakini kuna anayeuliza: tukiviosha, si tunasema mama zetu ni uchafu? Hakuna anayetaka kulijibu hilo kwa sauti.

Nimemuuliza Mama Skolastika kama alijua litaishaje. Kasema hapana, na kwamba hajalala.

27 Septemba

Saa kumi jioni Eliakimu ameshuka na tangi la mafuta begani.

Watu wakatoka majumbani. Alisukuma chombo chake na wavuvi wake wawili. Wa tatu alikataa. Hakumsema. Nilisogea kusaidia kusukuma, na nikiwa bega kwa bega naye nikamuuliza kama haogopi.

"Naogopa," alisema. "Lakini nisipotoka nimeshasema kuhusu mama yangu neno ambalo mtu hasemi."

Bado anaamini, Mungu wangu. Anaamini kila kitu alichoniambia, na ametoka. Nilikuwa nadhani ujasiri wote wa mwalo huu nimeshauona. Chombo chake kimekwenda peke yake mpaka kikawa taa moja, na mwalo mzima umekaa mchangani kuitazama, wanaume na wanawake, kwa mara ya kwanza wamechanganyikana. Bibi Leonia ameletewa mkeka. Honorata amekaa karibu naye, wameshikana mikono. Wingu limejikusanya upande wa Kongo, la kwanza la msimu wa mvua, na kila mtu analitazama bila kulitaja.

28 Septemba

Mvua ilinyesha kabla ya mapambazuko, kubwa, na upepo nao. Taa ilipotea. Watu walianza kusali, Waislamu na Wakristo, kila mtu kwa lugha yake. Bibi Leonia alikataa kutoka mvuani. Alisema aliwahi kusubiri hapa, anajua kusubiri. Eliakimu alikuwa sasa ni mtoto wake pekee aliyebaki, na ni bibi mwenyewe aliyempeleka. Sikuthubutu kumtazama usoni.

Kulipokucha ziwa lilikuwa la kijivu na tupu. Jua likaanza na milima ya Kongo. Halafu Caritas, mke wa Calixte, akasema tu, bila kupaza sauti: "Mashine."

Sote tukaisikia. Alitokea kaskazini, upepo ulikuwa umemsukuma huko. Chombo kilikuwa kimezama mpaka karibu na ukingo, na nilidhani ni maji. Kumbe ni dagaa. Eliakimu alikuwa amesimama nyuma, amelowa, macho mekundu. Aliruka majini, akapita katikati ya watu wote bila kusalimu, akaenda mpaka kwa mama yake, akaweka kichwa chake mapajani mwake kama mtoto. Bibi akamfuta maji kichwani kwa ncha ya kitenge. Walikaa hivyo na hakuna aliyegusa dagaa.

Kisha akasimama, akajipangusa, akamtafuta Honorata kwa macho. Honorata alikuwa ndani ya chombo chake, anapapasa mbao kuona kama mvua imetosha kuzikutanisha.

"Shemeji," alisema Eliakimu, kwa sauti ya kusikika mwalo wote, "kikao hakihitajiki tena. Nitamwambia Mzee Oswald mwenyewe aandike jina lako. Chombo kinaharibika huku juu. Calixte, unangoja nini?"

Calixte akasema "Ego," ndiyo ya kwao, akatupa kofia yake mchangani, akaja. Wakaja na wengine. Tukaweka mabega, mimi upande wa kushoto, Eliakimu mbele yangu, wanawake nyuma, tukasukuma. Kilikuwa kizito, kikagoma, kikalia mbao, halafu ghafla kikawa chepesi, na maji yakakipokea.

Honorata alikuwa bado ndani. Hakuna aliyemwambia ashuke.